Eka mbili Kaloleni: chakula kitapatikana, lakini pesa zitoke mwezi gani?

Ndugu aliyeuliza anafanya kazi ya zamu pale bandarini Kilindini, Mombasa, ana familia ya watu watano, na ameonyeshwa eka mbili Kaloleni zenye minazi mizee na kipande cha muhogo. Dalali mwingine anamvuta Kikambala, karibu na bahari. Anataka kujua kama maisha ya shambani yanashinda kulipa kodi ya nyumba Kisauni kila mwezi. Naamini yanashinda, na nayapenda maisha haya kwa dhati. Ila wengi wanaorudi mjini baada ya mwaka mmoja hawakushindwa na jembe. Walishindwa na miezi ambayo shamba halitoi hata shilingi, na ada ya shule imefika.

Anza na kalenda, kabla ya kununua hata panga. Mvua za mwaka huingia mwishoni mwa Machi au Aprili na kukolea Mei. Vuli hupita kati ya Oktoba na Desemba, nayo si ya kuwekea matumaini yote. Januari hadi Machi ni jua tupu. Aliyepanda mahindi peke yake atavuna Julai au Agosti, atauza wakati kila mtu anauza, kisha kuanzia Januari atakuwa ananunua unga dukani. Kwa hiyo kazi yako ni kupanga vitu vitakavyopokezana: kimoja kikiisha, kingine kiwe kimefika.

Nguzo ni mnazi, na ndiyo maana shamba la Kaloleni lenye minazi, hata mizee, lina thamani kuliko eka mbili tupu. Mnazi hutoa kuti jipya takriban kila mwezi, na kila kuti hubeba kole lake, yaani shada la nazi. Kutoka ua hadi nazi kavu ni kama mwaka mzima, dafu ni miezi sita au saba. Ina maana mti mmoja una makole ya umri tofauti wakati wote, na mkwezi anaweza kuangua kila baada ya miezi miwili au mitatu. Minazi 40 inayotunzwa, kila mmoja ukitoa nazi 50 kwa mwaka, ni nazi 2,000. Nyumba yako ikila moja kila siku, zinabaki zaidi ya 1,600 za kuuza. Minazi iliyoachwa msituni bila kupaliliwa hushuka hadi nusu ya hapo, kwa hiyo hesabu miti na makole yake kabla ya kukubali bei ya dalali.

Minazi mizee usiikate yote kwa pupa. Panda miche katikati, mita 9 kwa 9, ambayo ni kama miche 50 kwa eka. Shimo liwe la sentimita 90 kila upande, chini uweke makumbi ya nazi yashike unyevu, juu udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza. Mnazi mrefu wa kienyeji utakuweka miaka sita au saba kabla haujazaa. Mfupi huzaa mapema zaidi lakini hauvumilii ukame vivyo hivyo. Mizee unaondoa mmoja mmoja michanga inapoanza kubeba, na magogo yake yana soko la mbao. Hapa ndipo watu huharibu: wanaacha gogo lioze palepale. Chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe, hutaga mayai kwenye magogo yaliyooza na lundo la samadi, kisha akikomaa huruka na kutoboa moyo wa mnazi. Ukiona makuti mapya yamekatwa kama yamechongwa pembe tatu kwa mkasi, chonga yuko juu. Mtoe kwa waya wenye ndoana, ujaze mchanga kwenye makwapa ya makuti, na uchome gogo lolote linalooza. Mche wa miaka miwili mitatu unaweza kufa kwa chonga mmoja tu.

Vidaka, yaani nazi changa kabisa, vikianguka kwa wingi vikiwa na alama za utomvu, mara nyingi ni mdudu anayefyonza. Adui yake mkubwa ni maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Wanauma, wakwezi wanawachukia, na watu huwapulizia dawa. Ukiwaua umejiondolea walinzi. Waache, hata uwasaidie kwa kuunganisha mti na mti kwa kamba ili wapite.

Kuhusu kugema, yaani kukata kole ili kupata tembo: kole linalogemwa halizai nazi. Mgema hulipa haraka, lakini kwa nyumba inayotegemea nazi kama mshahara, mpe miti michache iliyotajwa kwa idadi, si shamba zima. Makuti mabichi vivyo hivyo. Kila kuti la kijani unalokata kwa ajili ya paa ni chakula unachomnyima mnazi, na utakiona kwenye hesabu ya mwaka unaofuata.

Muhogo ndio benki. Pingili za sentimita 25 hivi, zenye macho matano hadi saba, mita moja kwa moja, ni mashina 4,000 kwa eka. Panda robo eka kwanza. Uzuri wake ni kwamba hauna siku moja ya lazima ya kuvuna: kuanzia miezi minane unang'oa kadiri unavyohitaji, mingine inangoja ardhini. Na Mombasa ina msimu ambao wanaotoka bara huusahau, yaani Ramadhani, muhogo wa nazi unapotakiwa kila nyumba kwa futari. Mwaka 2027 Ramadhani inatarajiwa kuanza mapema Februari, na kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Muhogo uliopandwa na mvua za Aprili unakuwa na miezi kumi Februari. Katikati ya kiangazi, wakati mahindi yameisha na ada ya shule imeuma, wewe una bidhaa inayotafutwa. Panga upandaji kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka hapo.

Mbegu ya muhogo usichukue popote. Kibandameno ni mtamu na soko linaupenda, lakini unashikwa vibaya na michirizi ya kahawia. Ugonjwa huo hudanganya: majani yanaonekana salama, ukipasua muhogo ndani mna mabaka makavu ya kahawia yasiyolika. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO Mtwapa kilitoa aina zinazostahimili kama Tajirika, Karembo na Shibe. Omba uone shamba zinakokatwa pingili, ng'oa shina moja, ukate muhogo vipande mbele ya mwenyewe.

Mahindi nayaweka kama chakula cha nyumbani, si biashara. Familia ya watu watano hula kama magunia matano ya kilo 90 kwa mwaka. Eka moja ya PH4, mbegu iliyotengenezwa kwa ajili ya Pwani, inaweza kukupa magunia manane hadi kumi na mawili mwaka mzuri. Mvua ikikatika wakati wa mbelewele, shukuru kwa matatu. Nafasi ni sentimita 75 kwa 30, mbegu kilo 10 kwa eka, mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya DAP wakati wa kupanda. CAN, mbolea ya kukuzia, mfuko mmoja pia, lakini kwenye udongo wetu wa mchanga ugawe mara mbili, wiki ya nne na karibu na mbelewele, maana mvua kubwa ya Mei huosha mbolea chini ya mizizi. Viwavijeshi vamizi, walioingia Kenya mwaka 2017, hukaguliwa mara mbili kwa wiki tangu mche una majani matatu. Ukiona unga kama wa mbao ndani ya kikonyo cha majani, pale katikati majani mapya yanapochipukia, pulizia jioni, ndani ya kikonyo chenyewe, viwavi wakiwa bado wadogo. Wakishakua hujificha ndani na dawa haiwafikii.

Baada ya kuvuna, joto na unyevu wa Pwani ni hatari kuliko viwavi. Anika juu ya turubai, usianike ardhini. Kupima ukavu: tia punje na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji na yatapata sumukuvu, ile sumu inayoletwa na ukungu. Yakikauka, tumia mifuko isiyopitisha hewa, maana dumuzi, mdudu mla nafaka, akiingia kwenye gunia la kawaida atakuachia vumbi kabla ya Krismasi.

Sasa maji, ambayo yangeamua kati ya Kaloleni na Kikambala. Kikambala iko juu ya matumbawe, na maji matamu huko huelea juu ya maji ya chumvi. Ukichimba zaidi au ukivuta kwa pampu kubwa, chumvi hupanda, na mchicha na vitunguu huungua kingo za majani. Minazi itavumilia, bustani haitavumilia. Kaloleni maji ya mfereji hukatika, kwa hiyo usihesabu mfereji. Hesabu paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 50, mvua ya milimita 40, ukitoa kinachomwagika, ni kama lita 1,600 kwa siku moja. Nyumba ikitumia lita 100 kwa siku, siku 90 za kiangazi zinataka lita 9,000, yaani tangi la 10,000. Paa la makuti ni baridi na zuri, lakini maji yake hayanyweki. Jenga makuti barazani, bati juu ya nyumba.

Kazi nayo ina wiki zake mbaya. Palizi ya kwanza ya mahindi iwe ndani ya wiki tatu tangu kupanda, ya pili wiki ya tano au sita. Wiki hizo kijiji kizima kinapalilia na vibarua hawapatikani kwa bei yoyote. Eka moja ya magugu ya Mei inawatosha watu wawili wiki nzima. Ingia kikoa cha majirani mapema, lima kwao nao walime kwako. Ukibaki na zamu za bandarini na kuja Jumapili tu, punguza mahindi hadi nusu eka na uongeze muhogo.

Kwa ardhi yenyewe, fanya utafutaji rasmi wa hati, mpimaji akuonyeshe alama za mipaka, na ombi la idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kisha uliza swali ambalo hati haijibu: minazi ni ya nani? Pwani kwetu mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na minazi huwekwa rehani bila karatasi. Waite wazee wa jirani, mtembee mti kwa mti pamoja na muuzaji, na idadi ya miti iandikwe ndani ya mkataba.

Ukishahesabu minazi inayozaa na kupata umbali hadi barabara ya lami, ziandike hapa. Kwa namba hizo mbili tunaweza kukupangia miezi kumi na miwili ya kwanza, na kujua kama lori la nazi litafika kwako au utabeba hadi barabarani.