Mashine ya kusaga inayogoma kuwaka asubuhi za baridi Makete

Mkuu, kabla hujafungua pampu ya mafuta, angalia moshi unapozungusha hendeli. Ukitoka mweupe, mafuta yanafika ila hayashiki moto. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na Juni au Julai huko kwenu chuma baridi kinalinyonya joto hilo lote. Hewa ya mlimani nayo ni nyepesi, hivyo ikigandamizwa joto lake linapungua.

Mimina maji ya uvuguvugu kwenye tangi la kupoozea, yatoe, kisha weka ya moto. Usianze na yanayochemka, yanaweza kupasua bloku. Fungua mafuta, inua kile kishikizo cha kuachia pumzi ili injini izunguke kirahisi bila kugandamiza hewa, zungusha mpaka gurudumu lishike kasi, ndipo ukiachie. Kasi ndiyo kila kitu hapo. Kama umeweka oili nzito ya namba 40, badilisha uweke 15W-40, maana ile nzito ikipoa inakaba injini hata kijana mwenye nguvu anashindwa.

Usipoona moshi kabisa, mafuta hayafiki: toa hewa kwenye paipu, angalia na chujio kama lina maji.

Nafanya ufundi wa mashine hizi Njombe. Tafadhali usipulizie etha (ile dawa ya kuwashia injini) wala kumwaga petroli kwenye njia ya hewa. Inalipuka kabla ya wakati wake, inaharibu pistoni, na hendeli ikirudi nyuma inavunja mkono. Na kama hata mchana wa jua inasumbua, baridi haihusiki, pima ringi na valvu kama zinavujisha pumzi.