Anza na njia tatu, kurasa nzuri baadaye

Mdogo wangu, umeuliza uanzie wapi na kazi ya chuo ya huduma ya kuingia kwa tokeni (kitambulisho cha kidijitali anachopewa mtumiaji akishaingia), na umebakiwa na wiki moja. Anza na njia tatu tu, yaani anwani za seva ambazo programu huziita: kujisajili, kuingia, kuona wasifu. Nywila usiihifadhi ilivyo, ipitishe kwenye bcrypt, algoriti inayoigeuza kuwa mfuatano usiorudishika nyuma. Kisha tumia JWT (JSON Web Token), aina ya tokeni yenye vipande vitatu: kichwa, taarifa na saini. Chukua tokeni yako ya kwanza, ikate kwenye nukta zake mbili, ufungue kipande cha kati kwa Base64url, namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida: chote kinasomeka! Saini huzuia kuchezewa, haifichi kitu. Kwenye kipande hicho cha kati weka namba ya mtumiaji na muda wa kuisha. Dakika 15 zinatosha. Na ufunguo wa siri unaotengeneza saini, tafadhali sana, usiuandike ndani ya msimbo.