Shase maana yake ni kuteleza?

SWALI: Habari zenu wahariri. Mi nimeanza darasa la dansi juzijuzi tu, mwalimu kila saa "shase kulia, shase kushoto". Mwenzangu mmoja anasema hilo neno ni Kifaransa na maana yake kuteleza, mwingine anasema ni kile kile Wamarekani wanaita sashei. Hivi nani yuko sahihi?

JIBU: Huyo wa pili yuko sahihi kabisa, wa kwanza nusu. Kifaransa ni kweli, ila sio kuteleza! Shase imetoka kwenye kitenzi chao cha kufukuza, hicho hicho wanachotumia kwa kuwinda, kwa hiyo shase ni "aliyefukuzwa". Na anayefukuzwa ni mguu. Jiangalie unavyocheza, mguu mmoja unatangulia, wa pili unakuja mpaka pale ulipo mwenzake unamtoa, yule anasogea tena, yaani wa pili haumpiti kamwe, kazi yake ni kumfukuza tu. Kule kuteleza tunakokuona ni kwa sababu miguu haiachani sana na sakafu. Neno la kuteleza lipo, ila ni la hatua nyingine ya baleti inaitwa glisade, nadhani hapo ndo mwenzako kachanganya, na wengi wanachanganya.

Kwa nini Kifaransa? Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alikuwa anacheza dansi mwenyewe, mwaka 1661 akaanzisha taasisi ya kifalme ya dansi, mabingwa wa kule wakazipanga hatua na kuzipa majina kwa lugha yao, na mpaka leo baleti inafundishwa kwa maneno hayo hayo popote duniani.

Sasa Wamarekani walivyolichukua kwenye zile dansi zao za jozi nne zinazosimama mraba, ulimi ukaligeuza, "sh" na "s" zikabadilishana nafasi, shase ikawa sashei, hiyo ni karne ya 19. Baadaye likatoka kabisa ukumbini, siku hizi hata mtu akitembea tu kwa madaha na maringo wanaliita hivyo hivyo.

Kama mnajifunza ile dansi ya cha-cha-cha, zile hatua tatu za harakaharaka ndo shase yenyewe. Ukiona unaburuza miguu tu, uwaze mguu wa pili kama unaitaka nafasi ya mwenzake, usiuache uje kivivu, utaona hatua inavyobadilika hapo hapo.