Mama ana uvimbe kwenye nyongo, picha zinatoa majibu matatu

SWALI: Shikamoo dokta. Mi naandika kutoka Kibaigwa, mamangu ana miaka 61 anauza mahindi hapa sokoni. Toka mwezi wa tatu tumbo linamuuma upande wa kulia chini ya mbavu, amekonda, hata ugali na mlenda anaacha nusu. Zahanati walimpa dawa za vidonda vya tumbo, hakuna nafuu. Tukaja Dodoma mjini akapigwa altrasaundi, ripoti ikasema kuna mawe na ukuta wa mfuko wa nyongo umenenepa milimita 14, alafu siti skani ikasema uvimbe, inawezekana kansa ya nyongo. Juzi dokta mwingine wa picha kaziangalia zile zile akasema limfoma nayo isisahaulike. Mama ni mmoja, mbona majibu matatu? Na lazima apasuliwe?
*Binti wa Kibaigwa*

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana, mpe mama pole pia.

Hayo majibu matatu hayapigani. Ukuta wa mfuko wa nyongo kwa mtu mzima aliyefunga kula kwa kawaida hauzidi milimita 3, sasa wa mama ni 14, kwaiyo shida ipo, ila ukuta unanenepa kwa sababu nyingi: mawe yaliyokaa muda mrefu na kuuchokoza, homa ya ini, moyo ulioshindwa kazi, kansa, na mara chache mno hiyo limfoma, yaani saratani inayotokana na chembe za kinga za mwili, zile zinazokaa kwenye mitoki. Mfuko wenyewe wa nyongo hauna mitoki ndani yake, ndo maana limfoma kuanzia hapo ni nadra na madaktari wengi wanamaliza kazi hawajaiona hata moja. Huyo dokta wa pili aliyeikumbuka mi namshukuru.

Ngoja nikuoneshe anachokiangalia. Kwenye altrasaundi jiwe linang'aa jeupe na chini yake linaacha kivuli cheusi, mama akigeuka ubavu nalo linatembea. Limfoma haitembei, imekaa ndani ya ukuta, na mara nyingi inaonekana nyeusi sana mpaka mtu anaweza kudhani ni maji, mpaka awashe ile sehemu ya mashine inayoonesha damu ikipita ndo anaona kumbe ni nyama. Kwenye siti skani anafuata ule mstari mwembamba wa utando wa ndani. Kansa ya kawaida ya nyongo inaanzia kwenye huo utando, inaukata, inaingia kwenye ini, inabana njia za nyongo mpaka macho yanakuwa ya njano. Limfoma inajaa chini ya utando, kwaiyo unaweza kukuta ukuta mnene kabisa lakini mstari bado mzima, na pembeni mitoki mikubwa mikubwa tumboni. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, nayo inasaidia kwa sababu chembe za limfoma zimebanana, maji hayapiti vizuri katikati yake, sehemu hiyo inawaka kwenye picha. Lakini kansa nayo inaweza kuwaka, na ukuta uliovimba kwa kuchokozwa na mawe unaweza kuiga yote mawili, kwaiyo picha inashuku tu na jina la ugonjwa linatoka maabara kwenye kinyama kinachokatwa hapo.

Kuhusu kupasuliwa, uliza hivi kabla hamjasaini: je kuna mtoki au sehemu nyingine inayofikika kwa sindano, wakiongozwa na altrasaundi? Kuuchoma sindano mfuko wenyewe wengi wanaogopa, nyongo inaweza kuvuja tumboni. Nasisitiza hili kwa sababu matibabu yanaachana kabisa: kansa ya nyongo tegemeo ni upasuaji mkubwa kama bado haijasambaa, limfoma ile inayokua haraka tegemeo ni dawa za dripu na mara nyingi inazisikia vizuri. Wagonjwa wengi wa limfoma hii walijulikana baada ya mfuko kutolewa kwa kudhaniwa ni mawe au kansa. Kwaiyo kama mama atapasuliwa, mwambie daktari wa upasuaji kwa mdomo wako, mfuko usitupwe, wote uende maabara, na wapime CD20, alama inayokaa juu ya chembe, kama ni limfoma. Hiyo alama ndo inaamua dawa mojawapo kubwa. Wampime na VVU, maana limfoma kali zinahusiana navyo.

Ikithibitishwa, atapigwa skani tena shingo, kifua na tumbo lote, kujua ilianzia hapo au imetoka kwingine. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapo Dodoma wana siti skani na MRI, na wakimpa rufaa ya Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, msiende na karatasi ya ripoti peke yake, beba CD ya picha zenyewe na ile altrasaundi ya kwanza, dokta wa huko azisome kwa macho yake.

Na kama unaogopa kupasuliwa kwa kudhani mama hataishi bila mfuko, mtu anaishi bila mfuko wa nyongo, ini linaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida. Macho yakigeuka njano, au homa na kutetemeka vikianza, usingoje tarehe ya kliniki, mpeleke usiku huo huo.