Kama hakuna mungu mwingine, mbona tunakatazwa kumwabudu?

SWALI

Asalaam aleikum sheikh wetu. Kazini nina mwenzangu asiye Muislamu ambaye hupenda kuuliza mambo ya dini. Juzi alinisomea aya isemayo usimuombe mungu mwingine pamoja na Mwenyezi Mungu, kisha akaniambia: "Mtu hakatazwi kisichokuwepo. Kitabu chenu chenyewe kinakiri kwamba miungu mingine ipo, ila mnazuiwa kuiendea." Nilikosa la kumjibu. Na nisikufiche sheikh, swali hili limenigusa kwa sababu nyingine. Kwetu kijijini kuna mzimu wa ukoo, na bibi hunitaka nipeleke ubani na kuku kila niendapo likizo. Mimi sipeleki. Lakini wanasema ndugu yetu mmoja aliacha kupeleka akapooza, na mimi nikirudi mjini naishi na hofu. Kama hakuna kitu pale, mbona naogopa?

JIBU

Waaleikumsalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Mwanangu, hapa pana maswali mawili, na la mwenzako ndilo jepesi. Tuanze na hilo.

Aya za namna hiyo ni nyingi: Ash-Shu'araa 26:213, Al-Israa 17:22, na Al-Qasas 28:88. Mfungulie hiyo ya Al-Qasas, umwambie asiishie katikati. Maana yake ni: "Wala usimuombe mungu mwingine pamoja na Mwenyezi Mungu. Hapana mungu ila Yeye. Kila kitu kitaangamia isipokuwa Uso wake." Katazo limetoka, na kabla msomaji hajavuta pumzi kanusho limefuata. Miungu mingi huonekana pale tu aya inapokatwa baada ya sentensi ya kwanza.

Ama hiyo kanuni yake kwamba mtu hakatazwi kisichokuwepo, haisimami. Katazo huangukia kitendo cha mja. Kuomba kupo, kusujudu kupo, kuchinja kupo, na mtu anaweza kuvielekeza vyote hivyo kwa jiwe, kwa kaburi, kwa jini au kwa mtu aliye hai. Kinachokosekana ni uungu katika hicho alichokielekea. Qur'ani ina kisa kinacholiweka wazi jambo hili. Zayd bin Haritha alilelewa na Mtume (s.a.w.) tangu kabla ya utume, na watu wakimwita Zayd bin Muhammad. Ikateremka Al-Ahzab 33:4-5, kwamba Mwenyezi Mungu hakuwafanya watoto wenu wa kupanga kuwa ni wanenu hasa, hayo ni maneno ya vinywa vyenu tu. Waiteni kwa baba zao. Tokea hapo Waislamu wakazuiwa kumwita kwa nasaba ile. Je, kuzuiwa huko kulithibitisha kwamba Zayd alikuwa mwana wa damu wa Mtume? Zayd mwenyewe alikuwepo, jina lilikuwepo, mapenzi yalikuwepo. Damu ndiyo haikuwepo. Na hivyo ndivyo An-Najm 53:23 inavyosema kuhusu Lata, Uzza na Manata, waliokuwa wakiabudiwa na Waarabu: hayo si chochote ila majina mliyoyaita nyinyi na baba zenu, Mwenyezi Mungu hakuyateremshia uthibitisho wowote.

Kwa sababu hiyo walimu wetu wanapotufundisha shahada chuoni hutufafanulia kuwa hapana anayeabudiwa kwa haki ila Mwenyezi Mungu. Wanaoabudiwa ni wengi na tunawaona, na Al-Hajj 22:62 imewaita batili.

Mimi lakini hoja inayonituliza zaidi ni ya Makureshi wenyewe, watu wa Makka waliompinga Mtume. Watu hawa lugha ya Qur'ani ilikuwa lugha yao ya mama, na kwa miaka na miaka walitafuta ufa wa kupenya. Walimwita Mtume (s.a.w.) mshairi, kuhani, mchawi, mwendawazimu. Basi hoja hii ya mwenzako, ambayo ingewafaa sana, mbona hawakuitoa? Walichosema kimehifadhiwa katika Saad 38:5: "Hivyo amewafanya miungu wote kuwa Mungu mmoja tu? Hakika hili ni jambo la ajabu." Walilisikia katazo, na papo hapo wakaelewa kwamba miungu yao imefutwa, na hicho ndicho kilichowachoma. Lau Mtume angekiri kuwa Uzza ni mungu wa kweli ila akawataka wampende Mungu wake zaidi, Makka isingekuwa na ugomvi naye. Imo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba siku Makka ilipofunguliwa Al-Kaaba ilikuwa imezungukwa na masanamu 360. Mji uliokuwa na nafasi ya masanamu yote hayo usingeshindwa kumwekea mmoja zaidi.

Wanazuoni wa itikadi wana hoja nyingine, waliyoijenga juu ya Al-Anbiyaa 21:22 na Al-Mu'minun 23:91: lau mbingu na ardhi zingekuwa na miungu kadhaa, zingeharibika, na kila mungu angeondoka na alivyoviumba. Ni hoja nzito, ila sijamwona mtu aliyeacha mizimu kwa sababu yake. Wahubiri wengine nao wakiulizwa swali kama lako hukimbilia kusema kwamba miungu ya siku hizi ni pesa na matamanio. Ni kweli Al-Furqan 25:43 imemtaja aliyeyafanya matamanio yake kuwa mungu wake. Lakini pesa haimfanyi mtu aogope kupita chini ya mbuyu usiku, na wewe umeuliza juu ya hofu.

Umesema "kama hakuna kitu pale". Mimi sikuambii kwamba hakuna kitu pale. Nakuambia hakuna mungu pale, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tazama walioabudiwa zamani walikuwa nani. Surat Nuh 71:23 inawataja Wadda, Suwaa, Yaghutha, Yauqa na Nasra. Ibn Abbas (r.a.), kama alivyopokea Bukhari, amesema haya yalikuwa majina ya watu wema katika kaumu ya Nuh. Walipokufa, shetani akawatia watu wao fikra ya kusimamisha sanamu katika mabaraza waliyokuwa wakikaa na kuziita kwa majina yao. Kizazi kile hakikuziabudu. Kilipoondoka, na elimu ikasahauliwa, ndipo zikaabudiwa. Lata naye, kwa kauli ya Ibn Abbas vilevile katika Bukhari, alikuwa mtu aliyewakorogea mahujaji uji wa sawiki, yaani unga wa nafaka iliyokaangwa. Kwa hiyo mzimu wenu wa ukoo ukikuta una jina la babu fulani, usikatae kwamba babu huyo aliishi, na huenda alikuwa mtu mwema. Muombee maghufira. Yeye ndiye mwenye haja na dua yako.

Na pengine pana jini. Imepokewa na Nasai kwamba Khalid bin Walid (r.a.) alipotumwa Nakhla kuivunja Uzza, aliibomoa nyumba yake akarudi. Mtume (s.a.w.) akamwambia arejee, kwani hajafanya kitu. Aliporudi akatokewa na mwanamke aliyetimua nywele, akampiga kwa upanga akamuua, na Mtume akasema: hiyo ndiyo Uzza. Unaona? Kulikuwa na kitu. Lakini mungu gani huyo anayemalizwa kwa pigo la upanga?

Wa kukufaa zaidi katika habari hizi ni Abu Sufyan bin Harb, kiongozi wa Makureshi, kwa sababu yeye aliiamini miungu ile kwa moyo wake, na aliipigania. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Waislamu walipopata pigo, alisimama akauliza: yumo Muhammad? Yumo Abu Bakr? Yumo Umar? Mtume (s.a.w.) akasema msimjibu. Kisha Abu Sufyan akalisifu Hubal, sanamu kubwa la Makka, akanadi: "Tukuka Hubal!" Hapo Mtume akakataa kunyamaza. "Hamumjibu?" Wakauliza waseme nini. Akasema: "Semeni, Mwenyezi Mungu yuko juu zaidi na ni Mtukufu zaidi." Abu Sufyan akasema: "Sisi tunaye Uzza, nanyi hamna Uzza." Wakaamrishwa wajibu: "Mwenyezi Mungu ndiye Mlinzi wetu, nanyi hamna mlinzi." Ni mapokezi ya Bukhari. Ulipotajwa uhai wa watu waliamrishwa kunyamaza. Lilipotajwa sanamu hawakuruhusiwa kunyamaza.

Ikapita miaka. Mwaka wa 8 Hijria, usiku wa kuamkia kufunguliwa Makka, Abbas, ami yake Mtume, akamleta Abu Sufyan mbele ya Mtume (s.a.w.). Asubuhi yake akaulizwa: haujafika wakati wa kujua kwamba hapana mungu ila Allah? Jibu lake limo katika sira ya Ibn Hisham. Alisema kwamba, wallahi, anadhani lau angekuwepo mungu mwingine pamoja na Allah, basi angekwishamfaa kitu. Mwanangu, huyu hakuzungumza kama mwanafunzi wa mantiki. Alikwisha kumwita Hubal akiwa na jeshi na mali, akamngojea, na sasa amesimama peke yake.

Mwaka uliofuata ujumbe wa kabila la Thaqif ulikuja Madina kutoka Taif kusilimu. Waliomba waachiwe Lata miaka 3. Wakakataliwa. Wakaomba mwaka, wakakataliwa. Wakashuka hadi mwezi mmoja, wakakataliwa. Wakaomba basi angalau wasilazimishwe kuivunja kwa mikono yao, na hilo wakakubaliwa. Waliotumwa ni Mughira bin Shu'ba, mwenyewe Mthaqif, na Abu Sufyan. Yule yule wa "Tukuka Hubal". Wanawake wa Taif walitoka vichwa wazi wakilia. Katika mapokezi mengine ya sira imo kwamba Mughira, aliyekuwa na utani, alipiga pigo la kwanza kisha akajiangusha akirusha miguu, na watu wakapiga kelele kwamba mungu wao amemuua. Akaruka akasimama, akawaambia ni mawe na udongo tu, akaendelea kuvunja. Hazina yake ya dhahabu ilikusanywa, na sehemu yake ikalipia madeni ya watu wa Taif waliokwisha kufa, akiwamo kiongozi wao Urwa bin Mas'ud.

Zingatia lile ombi lao la miaka mitatu. Watu wale walikwisha kuamua kusilimu. Hawakuwa wakibishana tena kama Lata ni mungu. Walichobaki nacho ni hofu, na hofu huchelewa kutoka kuliko itikadi. Nawe uko hapo. Kuogopa kwako si ushahidi kwamba pale pana mungu, wala si ushahidi kwamba imani yako imeharibika. Umelelewa na hofu hiyo tangu mtoto.

Na hizo habari za aliyeacha kupeleka akapooza, uliza pia habari za waliopeleka maisha yao yote. Hao nao hawapoozi? Hawafiwi? Hao hakuna anayewahesabu. Al-Jinn 72:6 inasema walikuwako watu wakijikinga kwa majini, na majini wakawazidishia mashaka tu. Waarabu wakishuka bondeni usiku walikuwa wakisema: najikinga kwa bwana wa bonde hili. Uislamu ulipokuja haukuwaambia bonde ni tupu. Uliwabadilishia wa kujikinga naye. Katika Muslim, kutoka kwa Khawla bint Hakim (r.a.), Mtume (s.a.w.) amesema atakayeshuka mahali akasema Audhu bikalimaatillahit-taammaati min sharri maa khalaq, hakitamdhuru kitu mpaka aondoke mahali hapo. Isome ukifika kijijini, na uisome usiku huko mjini hofu inapokujia. Maana ya mwisho wake ni "kutokana na shari ya alivyoviumba", na chochote kilichoko kwenye mzimu ule kimo ndani ya hivyo.

Kuhusu bibi, usimwendee kwa ukali. Ibrahim (a.s.) alipomkataza baba yake alianza kwa "Ewe baba yangu", kisha akauliza kwa nini aabudu kisichosikia wala kuona (Maryam 19:42). Na Luqman 31:15 imeamrisha kuhusu wazazi: wakikushikilia umshirikishe Mwenyezi Mungu usiwatii, lakini kaa nao kwa wema duniani, na bibi ni mzazi. Kuku huyo mnunue. Mchinje nyumbani kwa bismillahi, mpikie bibi, na majirani uwapelekee. Kumpeleka huko akachinjwe kwa ajili ya mzimu haijuzu hata kama ni kumridhisha bibi tu na moyoni huamini kitu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amesema, katika hadithi ya Ali (r.a.) aliyoipokea Muslim, kwamba Mwenyezi Mungu amemlaani anayechinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Ubani nao ufukize sebuleni, ni harufu nzuri na hauna kosa. Akikuuliza kwa nini hukwenda, mwambie umemuombea babu huyo katika kila sala, na uwe umemuombea kweli.

Wallahu aalam.