Nilimwonea wivu mwanangu kwa sababu ya koti la mvua

Koti lenyewe ni la njano, njano ile ya kuumiza macho, kofia yake ina miba ya kijani imejipanga kuanzia kwenye paji la uso mpaka kisogoni kama ya dainosa, alafu kishikio cha zipu ni kichura cha mpira. Mwenye koti ana miaka minne. Siku ya kwanza namfungia zipu nikajiona kwenye kioo nyuma yake, suruali nyeusi, sweta la kijivu, koti la bluu iliyokolea. Jamani, nilikuwa kama kivuli chake.

Jioni nikafungua kabati nikahesabu. Mashati na blauzi 19, zenye rangi ya maana tatu, na moja kati ya hizo tatu ni zawadi bado ina lebo.

Nilichogundua ni kwamba mtoto hajinunulii nguo. Sisi ndo tunaomnunulia, kwahiyo ile njano niliipenda mimi, nikaishika mimi, nikalipia mimi, ila nikamvalisha mtu mwingine maana nilikuwa naogopa kuivaa mwenyewe. Na wala haijawahi kuwa sheria kwamba rangi ni za watoto tu. Wanaume matajiri wa Ulaya karne ya 18 walivaa hariri ya pinki na makoti yametariziwa maua mpaka kwenye mifuko, ilipokaribia 1800 wakaanza kuachana nazo wakahamia kwenye nyeusi na bluu nzito, na mwaka 1930 mwanasaikolojia J. C. Flügel akalipa hilo jambo jina, kujinyima kukuu kwa wanaume. Watoto nao enzi hizo walivalishwa magauni meupe, wa kike kwa wa kiume, sababu nyeupe inavumilia kuchemshwa. Kuna picha ya Franklin Roosevelt, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, bado hajafika miaka mitatu, kavaa gauni na nywele zimeshuka mabegani. Yaani tumebadilishana tu.

Sasa usifanye kosa langu. Mimi nilikurupuka, shati la makasuku na suruali ya kijani mbichi siku moja, nikaonekana kama nimekodiwa kuchangamsha sherehe ya watoto. Mtoto ni mdogo, hata ukimmwagia rangi zote bado ni kidoa kidogo kinachokimbia, mtu mzima ukijipaka kote unakuwa ukuta. Na michoro ya katuni ikikuzwa kutoka size ya mtoto kuja size yako inapoteza utamu, sijui kwanini lakini inapoteza. Chukua rangi, katuni waachie wenyewe.

Kilichonisaidia ni kuanzia chini. Nilinunua soksi za rangi ya chungwa zenye pweza wa zambarau (ndio, najua nimetoka kusema waachie katuni, soksi hazihesabiki). Kwenye kikao kimoja kirefu nikakunja nne nikajisahau, dada mmoja wa uhasibu ambaye huwa hacheki na mtu akainama taratibu, "We, hao ni pweza?" Kesho yake akaniuliza nimezitoa wapi. Baada ya soksi nikaenda kwenye skafu, alafu viatu, shati la pinki iliyoiva likaja mwisho kabisa na nililivaa na suruali ileile nyeusi.

Kama una mwili mdogo pita na upande wa watoto. Size nyingi za Ulaya za watoto zinaandikwa kwa urefu wa mwili kwa sentimita, 152, 158, 164, kwahiyo mtu mfupi anajikuta humo kabisa, na Uingereza nguo za watoto wadogo hazina VAT, ile kodi ya mauzo, so bei inashuka kidogo. Ila kifuani na kwenye nyonga zimekatwa moja kwa moja, nilijaribu gauni nikakwama nusu na mikono juu mpaka nikaita msaada. Chukua tisheti pana, makoti, kofia, na viatu kama mguu wako ni 36 au 37.

Kabla ya kulipa toka na nguo karibu na dirisha, taa za dukani zinadanganya, nyekundu yangu moja ilifika nyumbani ikawa damu ya mzee. Na ukifika usiichanganye kwenye kufua. Lowesha kitambaa cheupe, sugua upande wa ndani wa pindo, kikishika rangi ifue peke yake mara mbili tatu, maji baridi, ndani nje, uanike kivulini. Habari za chumvi na siki sijui nilijaribu, shati jeupe likatoka pinki vilevile.

Mwezi uliopita nikajipa moyo nikanunua koti la njano, langu, la mtu mzima. Nikalivaa nikasimama mbele ya mwanangu nikisubiri sifa. Akanizunguka mzima, akashika zipu akaivuta chini, akaniangalia kwa huruma kabisa.

"Mama, chura wako yuko wapi?"