Kabla ya kutengeneza sabuni yako Dodoma, yajue kwanza maji yako

Anayetaka kupunguza gharama za usafi wa nyumba hapa Dodoma asianze na sabuni. Aanze na maji. Maji tunayotumia mjini, ambayo sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Mzakwe, ni maji magumu: yamebeba kalsiamu na magnesiamu kutoka ardhini, na madini hayo huikamata sabuni kabla haijafika kwenye uchafu. Mapishi mengi ya sabuni za nyumbani yanayosambazwa kwenye simu hayasemi lolote kuhusu jambo hili, na ninaamini ndiyo sababu majirani wengi hujaribu mara moja, wakaona povu halipandi, wakarudi dukani.

Yapime maji yako mwenyewe. Chukua chupa mbili safi za plastiki, moja uitie maji ya bomba, nyingine maji ya mvua, kisha kila moja uikwangulie sabuni ya mche inayolingana na punje ya hindi, uzifunge na kuzitikisa kwa nguvu. Chupa ya maji ya mvua itajaa povu jeupe linalosimama hadi shingoni. Ile ya bomba itageuka rangi ya maziwa, povu litakatika upesi, na baada ya kitambo utaona vijichembe vya kijivu vikielea juu na kung'ang'ania ukutani mwa chupa. Vijichembe hivyo ni sabuni uliyoilipia, iliyoungana na madini na kupoteza nguvu yake. Ndivyo vinavyofanya shuka jeupe lififie na beseni lipate ule mstari wa utando usiotoka kwa kusuuza.

Kwa kufua, nyumbani kwangu tunatumia magadi, ambayo ni nafuu na hupatikana katika masoko yetu. Vijiko viwili vya chakula vinatosha ndoo ya lita 20: yayeyushe kwanza katika maji ya moto kidogo, yachuje kwa kitambaa kwa kuwa mara nyingi huwa na mchanga, yamimine kwenye ndoo, koroga, kisha acha maji yatulie mpaka mashapo meupe yatuame chini. Magadi huilazimisha kalsiamu kuganda kuwa chokaa, na hiyo ndiyo inayozama. Maji ya juu, ukiyamimina taratibu kwenye beseni, yatatoa povu kwa sabuni kidogo sana kuliko ulivyozoea. Usiyatumie kwa nguo za sufi au hariri, na usiyaache ndani ya sufuria ya aluminiamu, kwa maana huila aluminiamu na kuitia weusi. Mwenye ngozi nyepesi avae glavu.

Kwa ukoko wa chokaa ndani ya birika na kwenye midomo ya mabomba, dawa ni kitu kichachu. Siki au maji ya ndimu hufanya kazi upesi: funga kitambaa kilicholowa siki kwenye bomba, kiache saa moja, kisha sugua kwa dodoki. Sufuria ya aluminiamu iliyoingia weusi kwa kuchemshia maji yetu, ichemshie makapi ya ukwaju yaliyobaki baada ya kukamua juisi, kwa muda mfupi tu, nayo itarudi kung'aa. Ukanda huu wa kati umejaliwa mikwaju mingi, na sioni sababu ya kutupa makapi hayo yakiwa bado na uchachu wake. Lakini uchachu uleule hula saruji. Usipige deki kwa siki kwenye sakafu ya sementi wala kwenye viungo vya vigae, maana utaokoa gharama ya sabuni na kulipa fundi. Sakafu inatosheka na maji yenye sabuni kidogo, na kwa vumbi letu la kiangazi, kufagia kwa ufagio uliolowa kidogo kunafaa kuliko dawa yoyote.

Sishauri kabisa kuchanganya siki na bikaboneti ya kuokea, ingawa mchanganyiko huo unapendwa sana kwa sababu unachemka na kuvutia macho. Mchemko ule ni hewa ya kaboni inayotoka, na kinachobaki ni maji ya chumvi tu. Tumia kimoja kimoja: bikaboneti kusugulia sinki na kuondoa harufu kwenye friji, siki kwa chokaa.

Jiki inunue dukani, wala usijaribu kuitafutia mbadala wa nyumbani kwa choo au pale penye mgonjwa wa kuhara, kwa kuwa siki na ndimu haziui vijidudu kwa kiwango hicho. Kamwe isikutane na siki, ndimu wala ukwaju, kwani hutoa hewa ya klorini inayochoma mapafu. Na choo chenye mkojo kimwagiwe maji mengi kwanza, kwa sababu jiki ikikutana na mkojo hutoa hewa nyingine yenye sumu.

Ama sabuni ya maji inayotengenezwa kwa asidi ya salfoniki, hiyo kweli hustahimili maji magumu na inapunguza gharama, hasa familia kadhaa zikinunua malighafi kwa pamoja. Hata hivyo asidi hiyo huunguza ngozi na macho, na kazi yenyewe inataka mtu aonyeshwe kwa vitendo. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, imekuwa ikitoa mafunzo ya aina hiyo, na ni afadhali kulipia mafunzo kuliko kufuata video.

Chochote utakachotengeneza, usikiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi maandishi, na kimiminika chenye rangi nzuri ndani ya chupa anayoifahamu atakinywa. Tumia galoni la sabuni lililokwisha, liandike jina na tarehe kwa kalamu isiyofutika, uliweke juu asipofika. Maji ya ndimu na ya ukwaju tengeneza ya kutumia siku hiyohiyo, kwa sababu huota ukungu upesi katika joto letu. Maji ya magadi yaliyotulia yanaweza kukaa kwenye ndoo yenye mfuniko mpaka siku nyingine ya kufua.